Tajiri wa ghala la korosho: uvimbe wa puru nilioupita mara mbili kabla ya kuweka kidole

Kabla sijaanza

Tajiri si jina la kweli la huyu mbwa, ghala sitalitaja, mwenye mali nimemficha na sehemu nitaiita Mtwara basi, maana huku tunajuana, ukisema mtaa tu mtu anakwambia hadi rangi ya geti. Mimi ni daktari wa mifugo, kazi yangu kubwa ni ng'ombe, mbuzi na kuku wa watu, mbwa nawaona wa chanjo ya kichaa na wa kugongwa na bodaboda. Uvimbe ndani ya puru ya mbwa, yani mwisho wa utumbo mpana, nilikuwa nimeshawahi kuusoma, kuukuta kwa mkono wangu bado. Nakiandika hiki kisa kwa ajili ya wenzangu wa kusini ambao hawana skopu (kamera ya kuchungulia ndani ya utumbo) wala mashine ya usingizi wa gesi, na ambao wakiona damu kwenye choo cha mbwa mkono unaenda wenyewe kwenye dawa ya minyoo, kama wangu ulivyoenda.

Mgonjwa mwenyewe

Dume, hajahasiwa, chotara wa jemani sheperdi na mbwa wetu wa kienyeji, miaka kama 8 kwa maelezo ya mlinzi. Kazi yake ni ghala la korosho. Kuanzia Oktoba mzigo ukianza kuingia anafunguliwa saa kumi na mbili jioni, asubuhi anafungwa, miezi mingine analala tu kwenye kivuli cha mwembe na kula ugali na dagaa.

Watu wanaomhusu ni watatu na naomba mwakumbuke wote. Kuna mzee mwenye mali, yuko Dar muda mwingi, anaongea kwa simu na ndiye anayelipa. Kuna mlinzi, mtu mzima kutoka Newala, anampenda huyo mbwa kama mwanawe. Afu kuna dada wa usafi, anafagia uwanja kila asubuhi, na yeye mbwa hamgusi kabisa, akimsogelea anakimbia na ufagio wake kwa sababu hataki kuloweshwa mate akatawadhe upya. Huyu wa tatu ndo kanifundisha kazi, tutafika.

Machi hadi Julai: minyoo, minyoo, minyoo

Machi, mvua bado zinapiga, mzee akanipigia. "Dokta, mbwa wa ghalani anatoa damu, kamwangalie." Nikaenda, nikakuta mbwa mchangamfu, ufizi umepauka kidogo, kupe masikioni wa kutosha. Nikauliza choo kikoje, mlinzi akasema kina damu kidogo juu juu. Nikampa dawa ya minyoo, nikamwogesha ya kupe, nikaondoka. Damu ikapungua kama wiki mbili.

Mei ikarudi. Safari hii nikaongeza metronidazo, dawa ya bakteria, siku 7, na hapa ndo pana mtego, kwa sababu metronidazo ilifanya kazi! Kinyesi kikakaza, damu ikakata, mlinzi akanisifia kwa watu wawili watatu na mi nikajiona daktari kweli. Kumbe uvimbe ukiwa na kidonda juu yake unavamiwa na bakteria, ukiwapunguza bakteria damu inapungua, uvimbe uko palepale unaendelea kukua.

Kitu ambacho sikuuliza Mei, na nilikuja kukijua baadaye, ni kwamba mlinzi naye alikuwa anatibu kwa upande wake. Alishaamua hii ni bawasiri. Akawa anampaka shubiri, na jioni akimwona anajikamua kwa maumivu anampa nusu ya kidonge chake mwenyewe cha mgongo, diklofenaki ya miligramu 50. Nia njema tupu. Ila diklofenaki kwa mbwa ni hatari, inachubua tumbo na utumbo mpaka vinatoa damu na inaweza kuua figo, kwa hiyo sehemu ya upungufu wa damu tuliokuja kuupima sijui tumlaumu nani, uvimbe, kupe au kidonge. Na bawasiri kama ya binadamu mbwa hapati, ukimwona mbwa ana kinyama chekundu kinachungulia baada ya kujisaidia, fikiria puru iliyotoka nje au uvimbe.

Julai mwanzoni nilipita pale kwa shughuli nyingine kabisa, kuku wa jirani. Dada wa usafi akaniita kwa mbali, yuko kwenye fagio lake.

"Dokta shikamoo. Samahani, huyu mbwa choo chake siku hizi kimekaa kama kimepitishwa chini ya mlango."

Nikamwambia marahaba, kimepitishwaje?

Akanionyesha kwa kijiti. Kinyesi bapa, kama utepe, na upande mmoja kina mfereji mrefu kama mtu kapitisha kidole, ndani ya huo mfereji ndo kuna mstari wa damu mbichi na ute. Nikamuuliza tangu lini. "Tangu kabla ya Ramadhani. Nilimwambia mjomba mlinzi akasema dokta ameshampa dawa."

Mfereji! Yani kuna kitu ndani kimekaa upande mmoja, kinyesi kinapita kinajichonga humo. Minyoo haichongi.

Siku ya kidole

Nikarudi kesho yake na glavu na jeli. Mlinzi kamshika kichwa, mdomo tumefunga kwa bandeji, mimi nyuma. Kidole cha shahada, taratibu, usisukume, unaacha msuli wenyewe uchoke ndo unaingia. Kama sentimita 3 ndani nikakutana nacho. Laini, kinateleza, kinasogea nikikisukuma, kimeshikwa na kikonyo kifupi kwenye ukuta wa puru. Kama mmewahi kushika bibo changa likiwa bado mtini, linaning'inia unalizungusha kidogo halichomoki, ni hivyo hivyo, ila hili lina ukubwa wa zabibu kubwa. Sehemu nyingine ya puru nikaizunguka yote, ukuta laini, hakuna pete, hakuna ugumu, na juu sikugusa tezi zilizovimba. Glavu ikatoka na damu.

Ilinichukua dakika mbili. Miezi minne, dakika mbili.

Palepale nikagusisha uvimbe kwenye kioo, kwa sababu ulikuwa unachungulia akijikamua. Sababu ya kugusisha ni kwamba kusini huku mbwa wengi wanazurura na ile kansa ya zinaa ya mbwa ipo, inatibika kwa vinkristini, sindano ya kansa, bila kisu, na mwenzangu mmoja kwa simu alishasema "wewe piga vinkristini tu". Kwenye hadubini sikuona zile seli za duara zenye vitundu vitundu, niliona seli za ukuta wa utumbo zimeshikana kwa mafungu. Basi vinkristini hapana. Mwingine akasema tumhasi. Kuhasi kunasaidia vile vivimbe vya tezi za kwenye ngozi, kuzunguka njia ya haja kwa nje, vinavyolishwa na homoni za dume, huu ulikuwa ndani ya puru, korodani hazihusiki.

Damu: ujazo wa seli nyekundu asilimia 26, na mbwa mzima ni kuanzia kama 37 kwenda juu. Chembe za kugandisha damu nikazihesabu kwenye kioo kilichopakwa rangi, wastani 3 kwa kila uwanja wa lenzi ya 100. Ile hesabu ya kienyeji ya kuzidisha kwa 15,000 inakupa kama 45,000. Ndogo mno. Kupe wale wa Machi nilikuwa nimewaona na macho yangu.

Tuliamua nini

Mzee kwa simu alitaka kitu kimoja. "Dokta, nipe bei, kata kesho. Msimu Oktoba."

Kukata kesho nilikataa. Puru ina mishipa mingi na mbwa mwenye chembe 45,000 ukimfungua humo unaweza kubaki unashikilia pamba mpaka asubuhi. Nikamtibu kama mgonjwa wa ehlikia, ugonjwa wa kupe unaoshusha hizo chembe: doksisaiklini siku 28, na kwa kilo zake 22 bahati nzuri hesabu inakaa vizuri, kapsuli 1 ya binadamu ya miligramu 100 asubuhi na nyingine jioni, ndani ya ugali na maji juu ili isikwame kwenye koo ikachubua. Diklofenaki marufuku, vidonge vya mlinzi tulihamishia kwenye kabati la ofisi. Kinyesi kilainishwe kwa laktulosi. Choo kipimwe kwa macho kila siku, na hiyo kazi nikampa dada wa usafi, akawa ananitumia picha Whatsapp. Mke wangu alishazoea, simu ikilia asubuhi anasema "choo chako hicho".

Agosti mwanzoni chembe zilikuwa 14 kwa uwanja, seli nyekundu asilimia 34. Sasa tunaweza kukata.

Hapa ndo nilipoamua vibaya, na sababu nazitaja kama zilivyokuwa. Kikonyo kilikuwa kifupi na chembamba, uvimbe unatoka nje wenyewe nikiuvuta kidogo, mzee ana haraka, nyuzi nzuri za kuyeyuka zimebaki pakti 1. Nikajiambia hii ni polipi tu, kinyama kisicho kansa. Nikamlaza kwa zailazini na ketamini, nikauvuta nje, nikafunga uzi kwenye kikonyo, nikakata juu ya uzi, nikaona hamna damu, nikarudisha. Dakika 15. Mlinzi alishangaa, "umeshamaliza?" Nimeshamaliza, ndiyo.

Sampo niliyoiua mwenyewe

Nilikuwa na akili ya kutuma kipimo, hilo najipongeza. Nikatia ile nyama kwenye kichupa kidogo cha dawa, nikajaza fomalini mpaka juu, nikaandika jina kwa peni ya wino, nikampa kondakta wa basi la Dar, kutoka kule ikaunganishwa Morogoro, maabara ya chuo cha kilimo cha Sokoine (SUA).

Majibu yalikuja mafupi. Nyama imeoza katikati, seli hazisomeki, na lebo imefutika wameitambua kwa barua tu. Fomalini inatakiwa iwe asilimia 10 na ujazo wake uwe mara 10 ya nyama, mimi niliweka nyama robo tatu na fomalini robo, afu safari yenyewe ya zaidi ya kilomita 500 hadi Dar na joto lile. Kosa halikuwa la maabara wala la basi.

Kwa hiyo Septemba nina mbwa aliyepona, choo cha duara, mzee kafurahi, na mimi sijui nilichokata ni nini. Nilimweleza mzee. Akasema "si amepona?"

Januari: saa nane ipi?

Msimu ukapita, Tajiri alifanya kazi yote Oktoba mpaka Desemba. Januari katikati dada wa usafi katuma picha bila maneno. Mfereji umerudi.

Kidole kikakuta uvimbe, safari hii mpana kidogo, hauna kikonyo cha kueleweka, umekaa kama uyoga, sentimita 3 ndani. Nikamwita mwenzangu kutoka Lindi ambaye amefanya hizi kazi mara kadhaa, akaja, akafungua daftari langu la Agosti. Nilikuwa nimeandika: "uvimbe saa nane, sm 3". Na uvimbe wa sasa uko juu kulia, yani ukisimama nyuma ya mbwa mkia juu, uko penye namba 2 ya saa.

Akasema huu ni mpya, ule ulikuwa saa nane, chini kushoto, mkabala kabisa.

Nikasema hapana, saa nane ni namba 2.

Akasema madaktari wakiandika saa wanahesabu namba.

Mnaona tatizo. Sisi waswahili mshale ukiwa kwenye 2 ni saa nane, yeye kasoma namba 8, na kusema ukweli mimi mwenyewe baada ya miezi mitano sikuweza kuapa niliandika kwa akili ipi. Na si mzaha, maana kama ni palepale, basi nilikata bila kuacha mpaka wa nyama nzima na umeota upya kwenye kisiki. Kama ni mahali pengine, huyu mbwa anaotesha polipi nyingi na inabidi tufikirie utumbo mpana wote, huenda tumpeleke mbali akaangaliwe kwa skopu. Kijana msaidizi wangu ndo akatuokoa, alikuwa amepiga picha operesheni ya kwanza kwa simu yake (kinyume na ruhusa, ila siku hiyo sikumgombeza). Picha inaonyesha mkia, na uvimbe juu kulia. Tukapapasa tena, chini ya uvimbe kuna mstari mgumu kama uzi, kovu langu. Umerudi palepale. Tangu siku hiyo nachora duara, naweka mkia juu na nukta palipo na uvimbe, saa siandiki tena.

Operesheni ya pili

Mzee safari hii alisita. Mbwa mwingine ananunua kwa bei ya chini ya operesheni, alisema hivyo wazi na simlaumu. Mlinzi akaomba simu, wakaongea pembeni, kilichosemwa sikukisikia ila mlinzi alirudi akatoa elfu thelathini yake mfukoni akaniwekea mezani, nusu saa baadaye mzee akatuma zilizobaki na ujumbe "mrudishie mzee wa watu hela yake".

Kabla ya kukata: tumbo lilipigwa altrasaundi na mtaalamu mmoja kwa hisani, tezi za ndani hazikuonekana kuvimba, ini safi. Picha ya kifua hatukupata. Tukaamua kuendelea bila hiyo kwa sababu uvimbe ulikuwa unasogea, haujashika mfupa wala misuli, na mbwa alikuwa na uzito na hamu ya kula. Wakati tunasubiri vifaa wiki tatu nilimpa piroksikamu, dawa ya maumivu jamii ya diklofenaki ila kwa kipimo cha mbwa, miligramu 0.3 kwa kilo, ambayo kwa kilo 22 kapsuli ya 20 unaigawa mafungu matatu, akishakula, mara 1 kwa siku, na hakuna kuchanganya na dawa nyingine ya maumivu ya jamii hiyo wala predinisoloni. Damu ilipungua na kujikamua kulipungua. Uvimbe haukupungua hata kidogo. Nikaisimamisha siku chache kabla ya kisu.

Hakula saa 24. Enema, yani kusafisha puru kwa maji, hatukupiga, hapa wengi wanakosea, ukipiga enema siku ya operesheni kinyesi kinakuwa maji na kinakumwagikia kwenye kidonda, bora kigumu unakitoa kwa kidole. Usingizi ule ule wa zailazini na ketamini, ila juu yake mwenzangu akachoma lidokeini, dawa ya ganzi, kwenye uti, pale kiuno kinapokutana na mkia. Hii ndo ilibadilisha kila kitu. Msuli wa haja kubwa ulilegea kabisa, puru ikavutika nje kama mkono wa shati unavyogeuzwa. Mbwa kalala kifudifudi, miguu ya nyuma inaning'inia mwisho wa meza kwenye foronya iliyokunjwa, mkia umefungwa kwa bandeji kuelekea mgongoni.

Nyuzi nne za kushikia, tunavuta pole pole, bandeji iliyofungwa kamba tumeisukuma ndani zaidi kuziba kinyesi (kamba inabaki nje, la sivyo utaisahau humo). Uvimbe ulipotoka wote tukaanza kukata ukuta wa ndani tukiacha karibu sentimita 1 ya nyama nzima kila upande. Hatukukata wote kwa mara moja. Unakata kidogo, unashona kidogo, unakata, unashona, kwa uzi wa kuyeyuka namba 3-0, kwa sababu ukikata mzunguko wote ukuta wa ndani unarudi ndani na huuoni tena. Na unashona kwa upana, usishone kwa urefu, ili njia isije ikabana baadaye. Tulichukua kama theluthi ya mzunguko. Katikati ya kazi umeme ukakatika, na gesi ya Mnazi Bay ya kuuzalisha iko hapo jirani, tukamalizia na taa ya kichwani. Saa 1 na dakika 20.

Sampo nayo ikapata heshima yake. Tuliitandaza kwenye kipande cha boksi, tukaibana kwa pini isijikunje, uzi mrefu upande wa ndani, uzi mfupi upande wa nje ili msomaji ajue kipi ni kipi, chombo cha mtindi kilichojaa fomalini, lebo kwa penseli.

Baada ya hapo

Siku tatu za kwanza damu kidogo na kujikamua, tulitegemea. Tramado kwa maumivu, laktulosi, uji mzito na samaki, kola shingoni ya kukata ndoo ya plastiki. Kipimajoto kwenye puru marufuku, nilikibandikia karatasi.

Kilichotutisha ni kuvuja. Kwa siku 9 alikuwa hawezi kuzuia, na baada ya hapo tatizo likabaki la aina yake: akibweka kinamtoka. Mbwa wa ulinzi! Mlinzi alikuwa anacheka huku machozi yanamlenga, "dokta, mwizi akija atakimbia harufu". Wiki ya tatu hali hiyo ikaisha yenyewe. Wiki ya nne niliweka kidole, kinapita bila kubanwa, kovu linasikika kama ukingo wa kanga uliokunjwa.

Majibu: adenoma, yani uvimbe usio kansa, lakini ndani yake kuna eneo ambalo seli zimeshageuka kansa bila kuvuka ukuta wa chini. Mipaka yote safi, pande zote mbili za uzi.

Uchambuzi

Nianze na ambalo lingeweza kumuua, nalo ni kutoweka kidole Machi. Sehemu kubwa ya vivimbe vya puru ya mbwa viko ndani ya urefu wa kidole, huhitaji skopu kuvikuta. Mbwa mtu mzima mwenye damu mbichi juu ya kinyesi, anayejikamua, dawa ya minyoo ni sawa kumpa ila kidole kiende siku hiyo hiyo. Na zile polipi zisizo kansa zina tabia ya kugeuka kadri zinavyokaa. Ya Tajiri ilishaanza. Siwezi kusema Machi ilikuwa safi, kwa sababu ushahidi wa kwanza niliuozesha mwenyewe kwenye kichupa.

La pili ni kule kufunga uzi kwenye kikonyo. Kwa macho ya siku ile ilionekana inatosha, na kwa mbwa mwingine huenda ingetosha, ila kikonyo kifupi maana yake mzizi uko ukutani na mimi niliuacha ukutani. Haraka ya msimu iliingia kwenye kisu changu. Wiki mbili za kutafuta nyuzi na mtu wa kunisaidia zisingemkosesha Oktoba.

Umbo la uvimbe linabeba habari kubwa kuliko nilivyodhani. Kuna kazi ya Marekani ya mwaka 1987 iliyofuatilia mbwa 78 wenye kansa ya utumbo mpana na puru: waliokuwa na uvimbe mmoja wenye kikonyo waliishi wastani wa miezi 32, wenye mafundo mafundo miezi 12, na wale ambao uvimbe umezunguka njia kama pete mwezi 1.6. Kwa hiyo kidole hakikwambii upo tu, kinakwambia pia uongee na mwenye mbwa lugha gani. Ningekuta pete Julai, mazungumzo yangu na mzee yangekuwa ya kulainisha choo, kupunguza maumivu na siku za kuagana, kisu nisingekitaja kabisa kwa vifaa vyetu.

Wengine wataniuliza mbona hamkukata kipande chote cha puru mkaunganisha. Operesheni hiyo ipo, na kwa uvimbe ulioingia ukutani inabidi, ila ina gharama yake. Kwenye ripoti moja ya 2014 ya mbwa 74 waliofanyiwa hivyo, zaidi ya nusu walipata tatizo la kutozuia kinyesi, na wengi wao liliwabakia moja kwa moja. Mbwa anayelala nje ya ghala labda angevumiliwa, wa ndani ya nyumba angeishia kutupwa. Kwa uvimbe unaosogea juu ya ukuta, kutoa ukuta wa ndani tu ndo njia ya kwanza, na lidokeini ya kwenye uti inaifanya iwezekane kwenye chumba kama changu.

Piroksikamu baada ya majibu sikuendelea nayo. Mipaka safi, historia ya diklofenaki tumboni, ehlikia juzi tu, sikuona inachomwongezea zaidi ya vidonda. Mipaka ingekuwa michafu ningefikiri tofauti.

Kuchelewesha kisu kwa ajili ya chembe za damu ndo uamuzi ninaoutetea kuliko wote, na ndo ulionigombanisha na mzee zaidi. Kwa mbwa wa Pwani na kusini mwenye kupe, kioo cha damu kabla ya operesheni yoyote ya puru nakiweka sawa na glavu.

Afu lile la nani umuulize. Nilikuwa namuuliza anayelipa na anayempenda mbwa. Anayeona kinyesi kila asubuhi ni mwenye fagio, na alijua miezi kabla yangu. Siku hizi nikifika kwenye uwanja wa mtu swali langu la kwanza ni nani anafagia hapa.

Hali ilivyo sasa

Imepita miezi 14 tangu operesheni ya pili. Nimeweka kidole kila miezi mitatu, kovu ni lile lile, hakuna kipya. Kilo 25. Chembe za kugandisha damu zimeshuka kidogo mara moja, tukarudia doksisaiklini na kupambana na kupe upya. Anabweka kikavu. Kidole kinachofuata ni Julai, na dada wa usafi bado hamgusi, ila picha ya mwisho aliyotuma imeingia jana saa moja asubuhi: kinyesi cha duara, kinene, kimejikunja mwisho, na pembeni kaweka kijiti ili nione ukubwa.